Mtoto Alikubali, Mzazi Akasaini, Daktari Akafuata Mwongozo: Nani Mwenye Kosa?



Wapendwa vijana, leo tutafakari jambo ambalo wengi wenu mmeshalikuta mtandaoni, mara nyingi kwenye klipu za dakika moja zenye kelele nyingi na maelezo machache. Huko Marekani na Uingereza kuna vijana waliopewa dawa na kufanyiwa upasuaji wakiwa bado wadogo ili miili yao ifanane na jinsia waliyojisikia kuwa nayo. Baadhi yao sasa ni watu wazima na wanajuta. Wengine wamekwenda mahakamani kuwashtaki madaktari waliowatibu.

Unaweza kusema, hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Subiri kidogo. Ndani yake kuna swali ambalo halina uraia. Kama mtoto mwenyewe alikubali, mzazi akasaini fomu, daktari akafuata mwongozo wa taaluma yake, halafu miaka mitano baadaye yule mtoto analia kwa sababu ya kilichofanyika, je, kuna mwenye kosa? Au tuseme tu ni bahati mbaya?

Twende taratibu. Kwanza tujue kilichotokea, ndipo tufikiri.

Mambo yalivyokuwa

Tiba hii kwa watoto ilianzia Uholanzi miaka ya 1990. Madaktari wa kule waliona vijana waliokuwa na mateso makubwa kuhusu miili yao tangu utotoni, mateso yaliyozidi walipoanza kubalehe. Wakaanza kutumia dawa za kuzuia balehe, yaani dawa zinazosimamisha mabadiliko ya mwili, kisha homoni za jinsia nyingine, na baadaye upasuaji. Waliwachagua wagonjwa kwa uangalifu na idadi yao ilikuwa ndogo. Utafiti wao maarufu uliochapishwa mwaka 2014 ulifuatilia vijana 55 tu.

Kutoka hapo tiba ikasambaa nchi nyingi, na ikasambaa haraka kuliko ushahidi wake. Uingereza, watoto walioelekezwa kwenye kliniki ya taifa ya London iliyoitwa Tavistock walikuwa chini ya 250 kwa mwaka 2011/12. Mwaka 2021/22 walizidi 5,000. Na hawakuwa tena watoto wa aina ile ile. Wengi sasa walikuwa wasichana ambao shida yao ilianza wakati wa ujana, na wengi walikuwa na mizigo mingine pia: sonona, usonji, wasiwasi, majeraha ya maisha ya nyumbani.

Serikali ya Uingereza kupitia huduma yake ya afya ikamwomba daktari bingwa wa watoto, Hilary Cass, achunguze. Ripoti yake ya mwisho ilitoka tarehe 10 Aprili 2024. Alisema ushahidi wa faida za dawa hizi kwa watoto ni dhaifu mno, na akataka watoto hawa wahudumiwe kama watoto wengine wote, kwa kuangalia maisha yao yote na siyo jinsia peke yake. Kliniki ile ilikuwa imeshafungwa mwezi Machi mwaka huo huo. Finland na Sweden zilikuwa zimeanza kujizuia hata kabla yake.

Marekani ni habari nyingine. Vyama vikubwa vya madaktari, kikiwemo cha madaktari wa watoto, viliunga mkono tiba hizi, lakini majimbo zaidi ya ishirini yakazipiga marufuku kwa walio chini ya miaka 18. Mwezi Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali sheria ya jimbo la Tennessee kwa kura sita dhidi ya tatu. Tuwe makini hapa: mahakama haikusema tiba ni mbaya wala nzuri. Ilisema katiba inaliruhusu jimbo kutunga sheria ya namna hiyo.

Kesi zenyewe

Kesi iliyojulikana zaidi ni ya Keira Bell wa Uingereza. Alipewa dawa za kuzuia balehe akiwa na miaka 16, homoni za kiume akiwa na 17, na akiwa na 20 akaondolewa matiti. Baadaye akajuta. Hakudai fidia, aliiomba mahakama iamue kama mtoto anaweza kweli kukubali tiba kama hiyo. Desemba 2020 Mahakama Kuu ilisema ni vigumu sana mtoto wa chini ya miaka 16 kuelewa na kupima mambo haya kiasi cha kutoa ridhaa. Septemba 2021 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo na kusema hilo ni jukumu la madaktari kulipima kwa kila mgonjwa, siyo mahakama kuweka kanuni ya jumla.

Marekani ndiko zilikofunguliwa kesi za kudai fidia kwa uzembe wa kitabibu. Januari 2026, huko New York, jopo la wananchi wanaoamua kesi lilimpa mwanamke kijana dola milioni 2. Aliondolewa matiti akiwa na miaka 16, na aliwashtaki mwanasaikolojia wake na daktari aliyempasua. Hapa pia jopo halikuulizwa kama tiba hizi zinafaa kwa ujumla. Liliulizwa kama hawa wawili, kwa mgonjwa huyu, walifanya kazi yao inavyopaswa.

Hivyo ndivyo kesi za uzembe zinavyokwenda. Mdai lazima athibitishe mambo manne: daktari alikuwa na wajibu kwake, daktari alishindwa kutimiza wajibu huo kwa kiwango cha taaluma, kushindwa huko ndiko kulikoleta madhara, na madhara yenyewe yapo. Na kiwango cha taaluma kinapimwaje? Kwa sehemu kubwa, kwa kuangalia madaktari wengine wa fani hiyo wangefanya nini.

Umeona tatizo lilipo? Kama fani nzima imeelekea upande mmoja, daktari anaweza kusema, "Mimi nilifanya kama wenzangu." Kisheria hilo linaweza kumwokoa. Mbele ya Mungu na mbele ya dhamiri, je?

Swali la kwanza: ridhaa ya mtoto

Kule kwenye falsafa tulifundishwa kwamba tendo ni langu kweli pale ninapolijua na kulitaka. Nikidanganywa, au nikitishwa, au nisipoelewa ninachokichagua, mdomo umesema ndiyo lakini tendo halijawa langu kikamilifu.

Sasa mfikirie binti wa miaka 13 anayeelezwa kwamba tiba hii huenda ikamnyima uwezo wa kuzaa. Anaelewa maneno? Ndiyo, maneno anayaelewa. Lakini muulize binti wa miaka 13 kama anataka watoto, atakujibu "hata sitaki!" na kwenda zake. Hajui bado huyo mwanamke wa miaka 30 atakayekuwa atatamani nini. Anatoa ridhaa kwa niaba ya mtu ambaye hajakutana naye. Hiyo haimaanishi ni mjinga. Ndivyo utoto ulivyo, na ndiyo maana Mungu ameweka wazazi.

Watetezi wa dawa za kuzuia balehe walisema: hatumwamulii, tunampa muda wa kufikiri. Hoja hii siyo ya kuidharau. Lakini katika utafiti wa kliniki ile ya London, kati ya watoto 44 walioanza dawa hizo, 43 waliendelea na homoni. Unaweza kueleza namba hiyo kwa njia mbili: ama madaktari walichagua vizuri sana, ama dawa yenyewe ilifunga mlango wa kubadili mawazo. Cass alikiri kwamba hatuna ushahidi wa kutosha kuamua ni ipi. Na hapo ndipo penye uzito wa kimaadili: mtoto aliambiwa anapewa muda, wakati waliompa hawakujua kama ni muda kweli au ni mwanzo wa safari.

Halafu kuna mzazi. Wazazi wengi wameeleza kwamba waliambiwa wachague kati ya mtoto aliye hai mwenye jinsia nyingine na mtoto aliyekufa. Jamani! Ni mama gani atakataa kusaini akiambiwa hivyo? Vijana hawa wana maumivu ya kweli na hatari ya kujidhuru kwao ni ya kuchukuliwa kwa uzito. Lakini mwaka 2024 mshauri wa serikali ya Uingereza katika kuzuia kujiua, Profesa Louis Appleby, alipitia takwimu na kusema haziungi mkono madai kwamba vifo viliongezeka sana baada ya dawa kuwekewa mipaka. Akaonya pia kwamba kuzungumza namna hiyo hadharani ni hatari kwa vijana wenyewe. Saini iliyopatikana kwa hofu ni saini, sawa, ila tusiiite ridhaa huru.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa na sisi. Ni wangapi kati yetu tumemwona ndugu akisaini fomu ya upasuaji hospitali bila hata kuisoma, kwa sababu daktari ana haraka na foleni ni ndefu? Ridhaa siyo karatasi. Ni mazungumzo kati ya anayejua na anayeamini, na anayejua ndiye mwenye deni kubwa zaidi.

Swali la pili: nia njema ya daktari

Sasa tumsikilize daktari. Tusimfanye shetani. Wengi wa madaktari hawa waliona mtoto anateseka mbele yao na wakataka kumsaidia. Mwongozo uliwaruhusu, wakubwa wao waliwaambia ndiyo njia ya huruma. Je, dhamiri safi haitoshi?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alilishughulikia swali hili karne ya 13. Alisema mtu anapaswa kufuata dhamiri yake hata inapokosea, kwa sababu kwenda kinyume nayo ni kuchagua anachokiona kuwa kibaya. Wengi tunaishia hapo na kushangilia. Lakini Thoma aliendelea: kufuata dhamiri inayokosea hakumwondolei mtu lawama kila mara. Kunategemea kwa nini alikuwa hajui. Kama hakuweza kujua, anasamehewa. Kama angeweza kujua na ilikuwa kazi yake kujua, lakini hakutaka kuuliza, basi kutojua kwenyewe ndiko kosa.

Kwa hiyo tusiishie kumuuliza daktari, "Ulikuwa na nia njema?" Tumuulize: Ulisoma ule utafiti wenyewe, au ulisoma muhtasari tu? Mwenzako alipoonyesha wasiwasi ulimsikiliza, au ulimwita mwenye chuki? Yule binti aliyekuwa na sonona na aliyekuwa akikataa kula, ulimtibu sonona kwanza? Baada ya upasuaji ulimfuatilia?

Thoma anaiita fadhila hii busara, na akaorodhesha sehemu zake: kukumbuka yaliyopita, kuwa tayari kufundishwa, kuona mbele, kuangalia mazingira yote, na kuchukua tahadhari. Ukizisoma polepole, utaona ni kama orodha ya mambo ambayo Cass alisema yalikosekana. Wahenga wetu walilisema kwa ufupi zaidi: haraka haraka haina baraka.

Na haki inataka tuseme upande wa pili. Wapo waliopata tiba hizi na wanasema zimewasaidia. Hawajuti, na wapo madaktari makini wanaoamini hivyo kwa dhati. Tusijifanye hawapo. Kusema kwamba ushahidi ni dhaifu ni kusema tu hatuna uhakika. Lakini unapokata mwili wenye afya wa mtoto asiyeweza kurudishiwa kilichoondolewa, anayepaswa kuleta uhakika ni nani? Ni yule mwenye kisu.

Swali la tatu: fedha inarudisha nini?

Dola milioni 2 ni fedha nyingi. Lakini haziwezi kumpa yule mwanamke uwezo wa kunyonyesha mtoto. Je, mahakama ina maana gani basi?

Nilishangaa kukuta kwamba Thoma ana jibu la hili karibu kama vile alikuwa anaandika juu yetu. Anapozungumzia kurudisha kilichochukuliwa, anauliza: itakuwaje kama kilichochukuliwa hakirudishiki? Na mfano anaoutoa ni huo huo, mtu aliyemwondolea mwenzake kiungo cha mwili. Jibu lake ni kwamba arudishe kadiri inavyowezekana, kwa fedha au kwa heshima, kulingana na hali ya watu hao.

Kwa fedha au kwa heshima. Hilo neno la pili lilinikaa moyoni. Mahakama inaweza kuamuru fedha. Heshima haiwezi kuamriwa vizuri na hakimu. Heshima ni kukiri ukweli: ulikuwa mtoto, ulituamini, hatukuwa makini. Baadhi ya waliojuta wanasema waliporudi kwa madaktari wao hawakupata wa kuwapokea, na marafiki wa zamani waliwakimbia. Hilo nalo ni jeraha, na hakuna hundi inayolifunga.

Zaidi ya hapo, muda wenyewe ni adui. Katika majimbo mengi ya Marekani dirisha la kufungua kesi ya kitabibu ni la miaka michache tu, wakati majuto ni mjukuu, huja nyuma. Arkansas mwaka 2023 ilitunga sheria inayompa aliyetibiwa utotoni miaka 15 tangu atimize 18. Ukifikiri kama mwanafalsafa, sheria hiyo inakubali jambo moja la kweli: mtoto aliyetendewa hawezi kujua hasara yake mpaka awe mtu mzima.

Lakini kesi nazo zina hatari yake. Daktari anayeogopa mahakama anaweza kumkimbia kabisa mtoto mwenye shida hii. Akifanya hivyo, hatutakuwa tumemlinda mtoto. Tutakuwa tumemwacha peke yake na simu yake. Sheria inaweza kumzuia mtu asidhuru, lakini haiwezi kumfanya akae chini amsikilize mtoto saa nzima. Hilo linahitaji upendo.

Kanisa linasema nini, na sisi je?

Tarehe 8 Aprili 2024, siku mbili tu kabla ya ripoti ya Cass, Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa lilitoa tamko Dignitas Infinita, juu ya hadhi ya binadamu isiyo na kikomo. Linafundisha kwamba mwili unashiriki hadhi ya mtu, na kwamba hatua za kubadili jinsia, kwa kawaida, zina hatari ya kutishia hadhi hiyo tuliyoipokea tangu kutungwa mimba. Linatofautisha wazi na mtu aliyezaliwa na kasoro za viungo vya uzazi, ambaye anaweza kusaidiwa kitabibu. Na tamko hilo hilo linakataa watu kuteswa au kufungwa kwa sababu ya mwelekeo wao wa kijinsia. Tusichukue kipande kimoja na kuacha kingine.

Msingi wake ni wa zamani. Thoma alisisitiza kwamba roho yangu peke yake siyo mimi. Mimi ni roho na mwili pamoja, ndiyo maana tunakiri ufufuko wa miili. Mwili siyo nguo niliyovaa ambayo naweza kuipeleka kwa fundi. Kijana anayesema "nimezaliwa katika mwili usio wangu" anaeleza maumivu ya kweli, na maumivu hayo tuyaheshimu. Ila jibu letu kwake haliwezi kuwa kwamba mwili wake ni adui.

Sasa mimi na wewe tufanye nini?

Kwanza, tusishangilie. Mtu akishinda kesi kwa sababu alikatwa matiti akiwa na miaka 16, hiyo siyo goli letu. Ukimposti ili kuwakomoa wengine, umemtumia mara ya pili. Na asiyejuta naye ni ndugu yako. Usimsubiri ajute ndipo umpende.

Pili, rafiki akikuambia anauchukia mwili wake, usicheke na usikimbie kumhubiria. Wala usimpe jibu la haraka ulilolipata mtandaoni. Msikilize. Muulize kingine kinachomuumiza ni nini. Mara nyingi kuna kitu. Kisha msindikize kwa mtu mzima mnayemwamini: mzazi, padre, sista, mshauri, daktari. Akisema anafikiria kujidhuru, usilibebe peke yako hata kwa usiku mmoja.

Tatu, wewe unayesomea udaktari, unesi, ualimu au saikolojia, jifunze tangu sasa kusema, "Sijui, ngoja tuchunguze." Kuna siku mgonjwa atakuamini kwa kila kitu alicho nacho. Wenzako wote wanaweza kuwa wanaelekea upande mmoja, na "wote walifanya hivyo" haitakuwa jibu la kumpa.

Turudi kwenye swali letu. Mtoto alikubali, mzazi akasaini, daktari akafuata mwongozo: nani mwenye kosa? Mtoto hana. Mzazi aliyetishwa, kidogo sana, na Mungu anaujua moyo wake. Anayejua, au aliyepaswa kujua, ndiye anayebeba mzigo mkubwa, na pamoja naye wale walioandika mwongozo bila kusubiri ushahidi, na wale walionyamazisha waliouliza. Na kwa kiasi chetu, sisi tuliomwacha kijana mwenye maumivu mpaka akaona hana pengine pa kwenda.

Maswali ya kutafakari

1. Ni uamuzi gani mkubwa ninaotaka kuufanya haraka ili tu maumivu yaishe?
2. Nani aliwahi kunieleza maumivu yake nikamjibu kabla hajamaliza?
3. Ninauonaje mwili wangu: kama zawadi, au kama tatizo la kurekebisha?

Tusali. Ee Bwana Yesu, uliyechukua mwili na kufufuka nao ukiwa na madonda yako, waangalie vijana wote wanaoishi kama wageni katika miili yao. Waponye waliojeruhiwa na waliotaka kuwasaidia. Wape madaktari busara, wazazi ujasiri, na sisi masikio. Amina.

Tafakari njema, na tuombeane.